Vidonge Kwenye Kikapu cha Kahawa

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala bondeni, na migomba ya kwetu Nyakasimbi ilionekana vichwa tu. Umande ulikuwa mwingi, lakini mbingu ilikuwa safi, hapakuwa na dalili ya mvua. Kabla ya saa moja nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba yangu, suruali nimeikunja mpaka magotini, miguu nimeiosha kwa sabuni mara mbili. Mbele yangu kulikuwa na obwato, gogo refu lililochongwa kama mtumbwi, ambalo ndani yake tunakanyaga ndizi mbivu mpaka zitoe juisi. Nilikuwa namwomba Mungu kitu kimoja tu: mguu wangu wa kulia.

Saa tano gari lingefika kutupeleka Nkwenda, wilayani Kyerwa, nyumbani kwa Ainebyona, binti ambaye mwanangu Novatus alimpata kwa maombi na, kama mke wangu anavyosema, kwa simu nyingi. Tulitakiwa kufika na madumu sita ya juisi ya ndizi. Wengine hupeleka rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Sisi ni Walutheri wa kusali, tunapeleka juisi tamu ya siku hiyo hiyo, maana ikilala inaanza kuchachuka yenyewe bila kuombwa. Kwa hiyo haikuwezekana kukamua jana wala juzi. Ni asubuhi hiyo, au twende mikono mitupu.

Na haikuwezekana akamue mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Mimi nilipooa, baba yangu aliingia kwenye obwato peke yake kabla ya jua kutoka, akafunga mlango wa ua, na hakumruhusu mtu hata kuchungulia. Tangu siku hiyo nilijua kwamba katika ukoo wetu baba wa bwana harusi hukamua mwenyewe, peke yake, na kwamba juisi iliyokanyagwa na mguu wa mwingine ni aibu mbele ya wakwe. Nina miaka hamsini na saba. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu Novatus alipoota ndevu.

Tatizo ni kwamba mguu ulikuwa umeanza kunisaliti tangu Kwaresima.

Ulianza kanisani. Tulikuwa tumepiga magoti kwa sala ndefu ya toba, mwinjilisti anatuombea dhambi moja baada ya nyingine, nami nilikuwa nimefika mahali pazuri kabisa pa sala yangu. Ghafla shavu la mguu likakaza kama kamba ya kufungia ng'ombe. Niliruka juu na kupiga kelele, "Ee Bwana!" Kanisa zima likaitikia, "Haleluya!" Mama mmoja akaanza kulia. Baada ya ibada watu watatu walinishika mkono wakisema Roho amenitembelea. Nilijaribu kueleza kwamba ni misuli, lakini hakuna aliyetaka kusikia habari za misuli.

Kemilembe, mke wangu, alicheka njia nzima kurudi nyumbani.

"Baba Novatus," alisema, "Roho akikutembelea tena, mwambie asiguse mguu wa kukamulia."

Nilicheka naye, lakini kwa mdomo tu. Mguu uliendelea. Ulinibana nikipanda mlima na mzigo wa mkungu, ulinibana nikichuma kahawa nimesimama kwa ncha za vidole. Mwisho wa Mei nilikwenda zahanati kumwona Renatha, muuguzi wetu, mama mpole asiyependa maneno mengi.

Alinibonyeza mguu, akaniuliza kazi ninazofanya, akaniuliza nakunywa maji kiasi gani shambani. Nikamwambia sinywi, nikirudi nakunywa chai.

"Basi anza hapo," alisema. "Maji. Halafu kila asubuhi na jioni simama mbele ya ukuta, weka mikono, rudisha mguu mmoja nyuma, kisigino kikae chini, vuta taratibu." Kisha akaniuliza, "Una ugonjwa wa figo?"

"Hapana."

"Kuna dawa unameza kila siku?"

"Hapana, isipokuwa neno la Mungu."

Akatabasamu. "Hilo endelea nalo. Sasa, kuna vidonge vya magnesiamu. Ni madini ambayo mwili unayahitaji ili misuli ikaze na kulegea vizuri. Wengine vinawasaidia, wengine hawaoni tofauti, sikudanganyi. Jaribu mwezi mmoja. Kimoja kwa siku, baada ya chakula cha jioni. Usiongeze, utaharisha. Kama maumivu yanazidi, au mguu ukivimba, rudi kwangu."

Sikumuuliza kwa nini alitaja figo. Figo zangu ni nzima, basi habari ya figo ikapita.

Nilinunua vidonge duka la dawa Kayanga, chupa nyeupe ya vidonge sitini. Mwenye duka alipotaka kunisomea, nilimwambia ngoja, nikasoma mwenyewe mbele ya wateja: "Vi-do-nge vya ma-gne-si-a-mu." Miaka miwili iliyopita nisingeweza. Nilijiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima pale shule ya msingi nikiwa na miaka hamsini na tano, na mpaka leo nikisoma maneno kwenye ukuta au kwenye gunia, moyo wangu unasema asante kabla mdomo haujafungwa. Ndani ya chupa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. Hiyo niliiweka kwenye daftari langu iwe alama ya ukurasa.

Siku nne nilimeza kama nilivyoambiwa. Nilikunywa maji. Nilisukuma ukuta asubuhi na jioni, mpaka Kemilembe akaniambia nyumba bado haijaanguka, niache kuihimiza. Na mguu ulitulia kidogo. Sijui kama ni vidonge, maji au ukuta, lakini ulitulia, nami nikaanza kuiona Jumamosi ya tarehe kumi na nne bila hofu.

Kisha wageni wakaanza kuja.

Kwetu Karagwe mgeni hatoki nyumbani kwako kinywa kitupu. Lazima umpe kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Na lazima ujue jambo jingine: kutia kitu chako mdomoni mbele ya mgeni bila kumgawia ni tabia ya mtu asiyelelewa. Mama yangu alinipiga kofi kwa karanga tatu. Sasa ilikuwa jioni, nimemaliza kula, ninafungua chupa, na mlangoni anasimama Adelard, binamu yangu, jirani yangu, na adui yangu katika mambo yote ya juisi na pombe.

"Unakula nini peke yako, Ndyamukama?"

"Dawa ya misuli."

"Na mimi sina misuli?"

Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, kila mtu alikuwa analalamika mgongo au mguu. Ningemnyimaje? Nikaweka vidonge viwili kwenye kikapu cha kahawa, juu ya buni, nikamsogezea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Adelard akachukua vyote viwili, akatikisa kikapu akitafuta vingine.

"Ongeza. Mimi si mtoto."

Nikaongeza viwili.

Kesho yake watu wawili walikuja "kusalimia". Keshokutwa watano, na hawakuishia hapo. Sijawahi kupendwa namna hiyo. Kikapu kilizunguka, kahawa kwa vidonge, na mimi nikisema, "Karibu, karibu, chukua na cha nyumbani." Nilijiona kama mtu anayefanya kazi ya Bwana. Jumapili baada ya ibada shangazi yangu, Mukabera, dada wa baba, mama wa miaka themanini na ushei, alinishika mkono na kusema miguu inamwasha na kubana. Nikamfungia vidonge kumi kwenye karatasi. Nilijisikia vizuri moyoni siku ile.

Jumatatu jioni nikageuza chupa. Kikadondoka kidonge kimoja, na pamba.

Kemilembe alichungulia ndani ya chupa kama anaangalia kisima. "Kimoja kimebaki," alisema. "Na harusi ni ya mtoto wa Adelard au ni ya mtoto wako?"

"Bwana atatoa."

"Bwana alitoa. Wewe ukagawa."

Jumatano Adelard alipita barabarani akitembea taratibu sana.

"Shemeji," alimwita mke wangu akiwa mbali, "mwambie mumeo dawa yake ya misuli imelegeza hata misuli ambayo sikuilalamikia. Tangu siku ile najua idadi ya matofali ya choo changu."

Nilitaka kucheka, lakini nikakumbuka sauti ya Renatha: usiongeze, utaharisha.

Alhamisi ilikuwa siku ya masomo. Mwalimu wetu, Ayebare, ni binti mdogo kuliko Novatus, lakini darasani tunasimama akiingia. Ana desturi yake: kila Alhamisi mwanafunzi mmoja aje na maandishi kutoka nyumbani kwake, ayasome kwa sauti. Mmoja alileta kifuko cha mbegu, mwingine kadi ya kliniki ya mbuzi wake. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu, nami nikafungua daftari, nikakunjua ile karatasi yenye mayai ya sisimizi. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Nikasoma matumizi, nikasoma kipimo, kimoja kwa siku, wenzangu wakaguna maana wanne kati yao walikuwa wamemeza viwili kwa pamoja nyumbani kwangu. Kisha nikafika chini.

"Usi-tumie... usitumie dawa hii kama una ugonjwa wa figo, mpaka uone-kane... uonane na mtoa huduma ya afya. Figo zisizofanya kazi vizuri haziwezi kutoa magnesiamu iliyozidi mwilini."

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Ayebare. "Endelea."

Sikuendelea. Shangazi Mukabera huenda hospitali kila mwezi kwa ajili ya figo. Ukoo wote unajua. Mimi mwenyewe nimewahi kumpeleka.

"Mwalimu, naomba ruhusa," nilisema, na sikuingoja.

Nyumba ya shangazi iko juu ya kilima, upande wa pili wa shule. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia tangu ujana, nikiomba kwa kila pumzi: Bwana, ufunge kinywa chake, Bwana, ufunge kinywa chake. Katikati ya mlima mguu ukanibana. Sikusimama. Nilipanda sehemu iliyobaki kwa mguu mmoja, nikishikilia migomba ya watu. Mbuzi wawili walinikimbia.

Shangazi alikuwa ameketi uani anachambua maharage. Aliniangalia nikiingia kwa kurukaruka.

"Shikamoo shangazi," nilisema, maana hata katika hatari salamu haiachwi.

"Marahaba. Hiyo ni ngoma gani unacheza?"

"Shangazi, vile vidonge! Umemeza vingapi?"

"Vipi?"

"Vile vya Jumapili! Kumi!"

"Aa, vile." Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Sijameza hata kimoja. Mimi nikienda hospitali wameniambia, bibi, usitie kitu mdomoni mpaka utuonyeshe. Lakini ulinipa kwa furaha, na watu wanatuangalia, ningekurudishia vipi? Nimevifukia kwenye shina la mgomba ule pale. Tutaona kama nao utalegea misuli."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nililia, sioni haya kusema. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikamshukuru daktari wake, nikaushukuru hata mgomba. Shangazi aliniacha nimalize, kisha akaninyooshea mguu mwenyewe, kisigino chini, vidole juu, mpaka msuli ukaachia.

"Naahidi, shangazi," nilianza, "sitarudia tena..."

"Nyamaza. Ahadi ya mtu anayehema siipokei. Jumamosi nitakuja kwenye kukamua. Utaahidi watu wakiwepo."

Nilipita zahanati siku hiyo hiyo, nikamkuta Renatha anafunga mlango. Nilimweleza yote. Hakunigombeza sana. Alikaa na mimi tukataja majina ya wote waliotafuna kikapu changu, mmoja mmoja, nani ana kisukari, nani anameza dawa ya presha, nani mjamzito. Ijumaa nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikiomba msamaha na kukusanya vilivyobaki nimrudishie Renatha, na kuwaambia watatu wapite kwake. Walikuwa wazima wote. Lakini kuzunguka vilima vyote vile si mapumziko ya mguu, na kidonge changu cha mwisho nilikuwa nimekwisha kukimeza.

Hivyo ndivyo nilivyofika Jumamosi.

Majirani walikuwa wamekuja kumenya. Kemilembe na wanawake wengine walikuwa wamezunguka lundo la ndizi zilizoiva vizuri, maganda yanaruka, vicheko vinaruka. Wanaume walileta majani makavu ya kukamulia na madumu yaliyooshwa. Adelard alikuwepo, amepona, amekonda kidogo. Shangazi Mukabera aliwekewa kiti karibu na obwato kama hakimu. Novatus alikuwa ndani anapiga pasi shati lake.

Nilisali, nikaingia. Ndizi zilikuwa baridi na laini. Nilianza taratibu, kisigino na vidole, kisigino na vidole, majani yakichanganyika na ndizi, na baada ya muda juisi ya kwanza ikatokeza, na povu lake jeupe. Harufu ile! Wanawake walianza kuimba, nami nikafuata wimbo kwa miguu. Dumu la kwanza likajaa. La pili likajaa. Nikasema moyoni, Bwana, nimeona mkono wako.

Katikati ya dumu la tatu mguu ukakaza.

Nilishika ukingo wa obwato. Jasho lilinitoka. Nikajaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, nikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

"Toka, mtu wa Mungu," alisema Adelard. "Niingie mimi."

"Hapana."

"Ni saa tatu na nusu. Gari ni saa tano."

"Hapana, Adelard! Baba wa bwana harusi hukamua peke yake. Baba yangu alikamua peke yake."

Wimbo ulikuwa umekatika. Novatus alitoka na pasi mkononi. "Baba," alisema polepole, "tunaweza kwenda na soda."

Neno hilo liliniuma kuliko msuli. Nikafumba macho, nikaomba kwa sauti, "Bwana, nipe mguu huu saa moja tu."

Ndipo shangazi Mukabera akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ndyamukama, mtoto wa kaka yangu," alisema, "nani alikuambia hiyo ni mila?"

"Nilimwona mwenyewe. Alifunga mlango wa ua."

"Alifunga kwa sababu alikuwa mchoyo! Ukiita watu kukamua, lazima uwanyweshe. Kaka yangu alihesabu mikungu, akaona majirani watamaliza dumu zima, akaamka usiku kama mwizi wa ndizi zake mwenyewe. Mama yetu alimsema mpaka akafa. Baba yetu na baba yake walikamua na kijiji kizima. Juisi ya harusi inakanyagwa na miguu mingi, wakwe wajue kwamba binti yao anakwenda kwa watu."

Kemilembe aliweka kisu chini. "Miaka thelathini," alisema, "nimeolewa kwa juisi ya uchoyo."

Uani pote watu waliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, mguu ukiwa bado umekaza, na katika kucheka nikahisi kitu kimelegea, kama si mguu basi ni shingo.

Shangazi aliinua fimbo yake.

"Vidonge umevigawa kama kahawa," aliniambia, "na kazi umeing'ang'ania kama dawa. Umegeuza mambo. Sasa ile ahadi yangu iko wapi?"

"Kwanza niingie," alisema Adelard, tayari anaosha miguu.

"Hakuna atakayeingia kabla sijasikia."

Nilisimama wima ndani ya obwato, juisi ikiwa imenifika kwenye vifundo. Niliweka kisigino chini kama Renatha alivyonifundisha, nikavuta taratibu, nikawatazama wote: mke wangu, mwanangu na pasi yake, majirani waliotafuna kikapu changu. Hata Mwalimu Ayebare alikuwepo, akimenya ndizi pamoja na akina mama.

"Mbele ya Mungu," nilisema kwa sauti, "na mbele yako shangazi, na mbele yenu wote mnaonisikia: nyumbani kwangu kahawa ni ya kila mgeni, juisi ni ya kila mgeni, na kuanzia leo hata obwato hili ni la kila mwenye miguu safi. Lakini kidonge kilichoandikwa jina langu sitakiweka tena kwenye kikapu, wala sitampa mtu dawa kwa sababu ya kuona haya. Atakayeumwa nitampeleka kwa Renatha, kwa mguu huu huu, hata kama ni kwa kurukaruka. Na karatasi ya dawa nitaisoma mpaka mstari wa mwisho kabla sijameza kidonge. Naahidi. Adelard, ingia."